Alama Ndani ya Mfuniko

Hakuna mtu anayeangusha saa. Nimekulia kando ya meza ya fundi saa na mpaka leo sijakutana na mtu wa namna hiyo. Saa inaletwa kioo kimepasuka, mishale imelala upande mmoja, ndani kuna povu la sabuni lililokauka, na mwenyewe anakukazia macho anasema, "Imeacha tu yenyewe." Yupo aliyeipitisha yake kwenye mashine ya kufulia ndani ya mfuko wa suruali, akasema labda ni unyevu wa hewa. Yupo bibi mmoja aliyekuwa akiilaza yake kila siku juu ya spika ya redio, mpaka ikashikwa na sumaku ikawa inakimbia mbio, naye akashikilia kwamba saa imezeeka. Sasa niambie, tangu lini kitu kikizeeka kikaongeza mwendo?

Baba yangu hakuwahi kubishana nao. Mtaa mzima ulimwita Fundi Jicho, kwa sababu ya ile lenzi nyeusi aliyokuwa akiibana kwenye jicho la kulia tangu asubuhi mpaka jioni. Alifungua mfuniko wa nyuma, akaguna, akasema, "Haya, imeacha yenyewe," kisha akaanza kazi. Kazi ikiisha alichukua sindano ya chuma, na upande wa ndani wa ule mfuniko, mahali ambapo mwenye saa hapaoni maisha yake yote, akakwaruza alama yake: mstari mfupi na kitone chini yake. Mafundi saa wana desturi hiyo. Saa ikirudi, yeyote atakayeifungua atajua nani aliingia humo kabla yake, na kama kuna wa kulaumiwa, atalaumiwa huyo.

Lakini Baba habari zake amezisimulia vya kutosha yeye mwenyewe. Mimi nataka kusimulia za Mama.

Mama alikuwa mshonaji. Meza yake na ya Baba zilikuwa kwenye ukumbi mwembamba, ghorofa ya chini ya jengo la zamani, kati ya kinyozi na mchonga mihuri. Upande mmoja cherehani, upande mwingine saa, katikati kabati la kioo. Miaka yote ya ndoa yao Mama alikatazwa kulivuka kabati lile. Vumbi la nguo, Baba alisema, ni sumu ya saa. Akitaka kupita apitie mbali, na akitaka kukohoa ageukie kwa kinyozi. Mama alikuwa akicheka tu mbele ya watu. Ila mimi nilijua yanamkera, maana kila alipokumbushwa alishika pasi na kuikandamiza nguo iliyo mbele yake mpaka ikakoma.

Kisha Baba akapigwa na kiharusi. Kilimwachia akili zake zote na ukali wake wote, kikachukua mkono wa kulia, na mguu kikauacha unaburuta. Maneno nayo yakawa yanamtoka kwa shida, moja moja, jasho likimtiririka, na kwa kuwa alikuwa mtu wa majivuno aliona heri anyamaze mbele ya wateja kuliko kusikika akigugumia. Ndugu walikuja kutoa pole, na walipomaliza kutoa pole wakaanza kuizungumzia meza. Baba mdogo alikuwa anamjua mtu wa vifuniko vya simu aliyeitamani ile nafasi. Tena akauliza, saa zenyewe siku hizi nani anavaa? Mama alimmiminia chai, akamsubiri anywe mpaka tone la mwisho, ndipo akamwambia, "Shemeji, meza haiondoki. Nipe kikombe nikaoshe."

Asubuhi iliyofuata akalivuka kabati. Alijifunga kitambaa kichwani, akavaa aproni ya nailoni isiyotoa nyuzi, akaketi kwenye stuli ya Baba. Baba aliwekewa kiti ubavuni pake. Alitaka kukataa, lakini kukataa kulihitaji maneno mengi.

Wakabuni namna yao ya kufanya kazi. Baba alikuwa haoni haja ya kuongea, hasa wapita njia wakiwa karibu, kwa hiyo akawa anamwongoza Mama kwa kumgusa begani na mkono wake mzima. Kugusa mara moja maana yake shika. Mara mbili, achia. Kuminya, ngoja kwanza, usije ukaharibu. Watu walikuwa wakisimama kuwatazama, wanasema hayo ndiyo mapenzi ya kweli. Mimi nilikuwa nauza dawa kwenye duka la ng'ambo ya barabara, na mchana nilikwenda kula pale ukumbini, basi niliyaona hayo mapenzi kwa karibu. Siku moja Mama akijikanda bega aliniambia, "Mwanangu, hata punda huambiwa kwa mdomo."

Alijifunza. Mtu aliyetoboa na kuzungushia uzi matundu ya vifungo maisha yake yote hababaishwi na skrubu, hata ikiwa ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Kwanza alikuwa anasafisha tu. Kisha akaanza kubadilisha springi, kisha kurudisha magurudumu mahali pake, na bega lake likawa linaguswa kidogo kuliko mwanzo, ingawa Baba hakuacha kuligusa. Saa zilitoka pale zinatembea, na zilikaa zinatembea.

Kilichonichoma roho ni namna zilivyotoka. Mteja alifika, akampita Mama kama kapita mlango, akampa Baba saa. Baba aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaiweka mbele ya Mama. Mama akatengeneza. Ikiisha, Mama alimrudishia Baba, naye kwa mkono wake wa kushoto unaoyumba akakwaruza mstari na kitone, akafunga, akampa mteja, na mteja akamshukuru yeye. "Fundi, Mungu akuweke, mkono wako haujapotea." Mama ameketi hapo hapo, kibano bado kiko vidoleni.

Damu ilinichemka. Nikamuuliza Mama kwa nini asikwaruze alama yake mwenyewe.

"Mwache," akasema. "Ndicho kilichobaki kwake."

"Na kwako kimebaki nini?"

Akachukua suruali ya mtu akaanza kuikunja upindo.

Sasa kuna Sonara. Duka lake la dhahabu lilikuwa kwenye kona, lina milango ya vioo na mlinzi, na wateja wake wakiharibikiwa saa yeye ndiye aliyewaelekeza kwetu. Kwa kusema kweli, bila yeye meza ile isingefika mbali. Siku hiyo alikuja na ya kwake mwenyewe, nyembamba, ya dhahabu, aliyoachiwa na baba yake mzazi. Aliitoa kitambaani taratibu, akaiweka kiganjani mwa Baba.

"Imeacha tu yenyewe, Fundi. Nimeamka nimeikuta imesimama."

Mama alipoifungua akaona ncha ya mhimili wa lile gurudumu linalocheza kwenda na kurudi imekatika. Ncha ile ni nyembamba kuliko ncha ya sindano, na haikatiki ila saa imepiga chini. Mama akamtazama Baba. Baba akamkonyeza.

"Haya," akajikongoja kusema. "Imeacha... yenyewe."

Sonara alipoondoka Mama alitafuta kwenye mkebe wa saa zilizokufa mpaka akapata mhimili unaofanana, akaubadilisha. Ikabaki kulirudisha gurudumu mahali pake. Na gurudumu hilo haliwi peke yake: limeshikwa na springi moja nyembamba sana, imejizungusha duara ndani ya duara, na mafundi huiita unywele kwa sababu haina jina jingine linaloifaa. Unywele ukikaa sawa, saa inajua mwendo wake. Ukipinda kidogo tu, saa inapagawa.

Mama alikuwa amelibana gurudumu kwa kibano, limening'inia kwenye unywele wake, analishusha. Baba ameminya bega: ngoja. Mimi ninakula, nimeacha kutafuna. Kinyozi akatokeza kichwa.

"Fundi, habari za mchana?"

Baba, kwa ile aibu yake ya kuongea, alitaka Mama amjibie. Akamgusa begani mara mbili.

Mara mbili ni achia. Mama akaachia.

Gurudumu liliangukia upande, ncha ya kibano ikaukwatua unywele, na ile duara nzuri ikatoka nje imevutika na kujikunja kama uzi uliochezewa na paka. Kinyozi alirudisha kichwa chake mahali alipokitoa.

"Mwambie..." Baba akaanza. "Ilikuja... hivyo."

"Haikuja hivyo, Mzee."

"Wote... huangusha."

"Kuangusha ni kosa lake yeye. Hili nimeharibu mimi."

Baba akaminya bega lake. Mama akalitoa lile bega, akavua lenzi, akaifuta kwa upindo wa kitambaa. Nilimwona Baba anaogopa. Alikuwa anajua, na sisi sote tulikuwa tunajua, kwamba Sonara akikasirika akatuhama, yule mtu wa vifuniko vya simu atakuwa ameketi hapo kabla kiti hakijapoa.

Sonara alirudi jioni kabla hatujafunga, mkono ameshaunyoosha apewe saa yake. Baba alikuwa anatazama sakafu. Mama akasimama.

"Bwana Sonara, saa yako nilikuwa namalizia kuitengeneza, nikauharibu unywele wake. Nimeuharibu mimi, mchana huu, kwa kibano hiki."

Sonara alimtazama utadhani cherehani imezungumza. "Wewe, Shemeji? Umefikaje wewe kwenye saa yangu? Mimi nimempa Fundi." Akamgeukia Baba. "Fundi, nini hii?"

Kwa muda wote ule maneno yalikuwa yakimtoka Baba kwa kuvutwa, utadhani yamefungwa kamba. Hayo mawili yakatoka yamenyooka.

"Nilimwambia asiguse."

Nilikuwa nimepita kuchukua bakuli langu la mchana; nililiweka chini, kwa sababu nilikuwa nimelishika vibaya. Namheshimu baba yangu, na nilimwuguza kwa mikono yangu hii, lakini pale nilitaka sakafu ipasuke immeze, kisha immeze Sonara, kisha inimeze mimi kwa kukaa kimya. Mama hakupaza sauti. Laiti angepaza, maneno yake yasingetuingia vile.

"Saa zilizotoka hapa zikiwa nzima," akamwambia Baba, "zote zilikuwa zako. Umezitia alama yako na watu wamekushukuru, nami nimekaa kimya. Hii moja imeharibika, sasa ni yangu. Sawa, Mzee. Naikubali. Lakini kama kosa ni langu, basi na kazi ni yangu. Na kuanzia leo bega langu ni langu. Ukitaka kuniambia kitu, sema, hata kikichukua mpaka magharibi nitakusubiri."

Mashine ya kunyolea ya kinyozi ilikuwa imezimwa. Najua kwa sababu niliisikia inavyonyamaza.

Mama akamgeukia Sonara. "Mimi nimesema langu. Na wewe sema lako. Saa hii iliangukia wapi?"

"Nimekwambia, imeacha yenyewe."

"Ncha iliyokatika nimekuwekea kwenye karatasi hii hapa. Njoo uitazame kwa lenzi uniambie kama ilijikata."

Sonara akaangalia nyuma yake kuona nani anasikiliza. Wote tulikuwa tunasikiliza, na mchonga mihuri alikuwa ametoka kabisa kwenye kibanda chake bila hata kujifanya anatafuta kitu.

"Bafuni," akasema kwa sauti ya chini. "Niliivua ili isilowe. Nikaiweka ukingoni mwa sinki, kiwiko kikaigonga. Ikapiga kwenye vigae."

"Isilowe," Mama akasema.

"Ndiyo."

Nilimeza kicheko changu kikanipalia.

"Basi sote wawili tumeiumiza," Mama akasema. "Niachie niitengeneze, au ichukue ilivyo."

"Aitengeneze Fundi."

"Fundi ni mimi. Mwingine amekana hapa mbele yako."

Sonara alifura. Alisema ile ni saa ya marehemu baba yake, si ya kufanyia mazoezi. Mwishowe akasema anaiacha, lakini ikirudi mikononi mwake haitembei sawasawa, hataleta hata kioo cha kubadilisha kwenye meza hii, na tutafunga tutake tusitake.

"Nikishindwa nitafunga mwenyewe," Mama akamwambia. "Hutahitaji kunisaidia."

Kazi ile aliifanya peke yake. Baba alinuna, akahamia upande wa pili wa kabati, akaketi kwenye kiti cha cherehani, vipande vya nguo vimemzunguka na yeye kakodoa macho kwenye kioo. Mama alijaribu kwanza kwa vibano viwili, kama alivyomwona Baba akifanya enzi zake. Alinyoosha mkunjo mmoja, mwingine ukapinda. Akaviweka vibano chini. Akaenda kwenye kikapu chake, akachagua sindano mbili za kushonea hariri, akazichomeka kila moja kwenye kipande cha penseli ili apate pa kushika, akarudi kuketi.

"Saa..." ikatoka sauti nyuma ya kabati. "Haishonwi."

"Wala siishoni," Mama akajibu bila kugeuka.

Sindano ya kwanza ilishikilia, ya pili ilisukuma, kidogo sana, kiasi ambacho mimi kwa macho yangu sikuona kilichosogea. Mkono ukianza kumchoka hakulazimisha. Aliinuka, akamwondoa Baba kwenye cherehani, akashona suruali ya mtu mpaka vidole vikatulia, kisha akarudi kwenye saa. Baba naye akarudi kitini. Akainuliwa tena. Kwa jinsi alivyokuwa akiinuliwa na kuketishwa, nadhani hajawahi kufanya mazoezi mazuri ya mguu kama yale tangu atoke hospitali, na sikumwonea huruma hata chembe.

Kuna wakati niliona bora tukubali yaishe. Nilifika mchana nikamkuta Mama ameweka mikono mapajani, anautazama ule unywele, macho mekundu. Nikamwambia hakuna atakayemcheka. Akaniambia watacheka sana, na watakuwa wananicheka mimi pia, kwa hiyo nikae niache kumzibia mwanga. Nikasogea.

Gurudumu lilipoanza kucheza, halikuanza kwa kelele. Liliegemea upande huu, likaegemea upande ule, likasita, na sote tukasita. Kisha likashika mwendo. Mama hakutabasamu. Aliniambia niivae saa nikailinganishe na ile ya ukutani dukani kwetu, na iliporudi imetangulia kidogo akaifungua tena akairekebisha, na iliporudi mara ya pili, zilikuwa zinakwenda pamoja.

Sonara alikuja amekunja uso tangu mlangoni. Mama alimpa saa ikiwa wazi, bila mfuniko, ili aone mwenyewe. Akaileta sikioni. Akaitazama. Akaipeleka kwenye sikio la pili, kana kwamba la kwanza huenda limehongwa.

"Inatembea," akasema.

"Lete niifunge."

Wakati huo Baba alikuwa ameshaondoka upande wa cherehani. Alikuja anaburuta mguu, akasimama mbele ya meza, sindano ya chuma iko kwenye mkono wake wa kushoto. Akanyoosha kiganja kile kibovu kadiri kilivyonyooka, awekewe mfuniko. Labda ilikuwa mazoea tu. Labda alitaka kupatana, na hiyo ndiyo njia aliyoijua. Sijui, na kwa kweli siku ile sikutaka kujua.

"Lete," akasema.

Mama alikuwa ameushika mfuniko. Ndani yake kulikuwa na mstari na kitone, na pembeni mstari na kitone vingine, vya miaka ya nyuma, vyote vya Baba. Akavitazama.

"Hii uliniambia nisiguse, Mzee," akasema, wala hakusema kwa ubaya.

Akachukua mojawapo ya zile sindano zake za hariri, akauegemeza mfuniko kwenye ukingo wa meza, akakwaruza. Mistari miwili inayokatana, kama uzi unavyopita juu ya kifungo. Aliukaza mkono, nikaisikia sindano inavyokula chuma.

"Nini hiyo?" Sonara akauliza.

"Ni mimi. Ikikusumbua, usimtafute yeye. Nitafute mimi."

Sonara akainama kuitazama tena saa yake. Baba alikuwa bado amenyoosha kiganja. Mama akauweka mfuniko juu yake. Baba akaacha sindano yake mezani, akaitafuta lenzi kwa kupapasa, akaibana kwenye jicho, akainama chini ya taa. Alikaa hivyo muda mrefu. Niliona shavu lake lile zima linatetemeka, nami nilikuwa nimejiandaa kumrukia kama angethubutu kusema lolote la kumshusha.

"Umekwaruza..." Akameza mate. Mama akamsubiri, kama alivyomwahidi. "Umekwaruza... kwa nguvu... sana."

"Makusudi," Mama akasema, akaunyoosha mkono apewe mfuniko wake.